Mbona mashine za uwanja wa gofu zinasikika zaidi alfajiri?

SWALI: Nyumba yetu iko kama mita 160 kutoka uwanja wa gofu. Kila siku saa 11:30 alfajiri mashine za kukatia nyasi zinatuamsha, lakini mchana zikipita palepale hatuzisikii. Msimamizi anasema amepima na hazijavuka kikomo. Je, tukipanda miti itasaidia?

JIBU: Miti pandeni kwa ajili ya kivuli. Sauti hupenya kwenye majani. Hata mkanda mnene wa mita 30 hupunguza desibeli chache tu. Kinachozuia ni kitu kizito kisicho na mwanya, kama ukuta au tuta la udongo, tena kiwe kirefu kiasi cha kuificha mashine usiione.

Kuhusu alfajiri, masikio yenu hayawadanganyi. Katika eneo la wazi, kila umbali unapozidi maradufu sauti hupungua desibeli 6. Tuseme mashine inatoa desibeli 80 ukiwa mita 5 nayo. Kwenu itafika na 50 hivi. Mchana hiyo 50 inamezwa na magari na watu. Alfajiri hakuna cha kuimeza. Isitoshe, baada ya usiku mtulivu hewa iliyo karibu na ardhi huwa baridi kuliko ya juu, na sauti iliyokuwa inapaa hupinda na kurudi chini, kwenye madirisha yenu. Jua likishachomoza na kupasha ardhi, mambo hugeuka.

Kwa hiyo msimamizi anaweza kuwa mkweli na ninyi pia mkawa wakweli. Muulizeni alipima saa ngapi, na kama alipima wastani wa muda mrefu. Wastani huficha ule mlio wa pi-pi-pi wa mashine ikirudi nyuma, na mara nyingi ndio unaoamsha watu, si injini. Kiwango cha kimataifa cha ISO 1996 kinakubali mlio wa sauti moja kama huo uongezewe desibeli 3 hadi 6 kabla ya kulinganishwa na kikomo.

Msidai waache kukata alfajiri. Hawatakubali, maana lazima wamalize kabla wachezaji hawajafika. Ombeni waanze na mashimo (sehemu za uwanja za kuchezea) ya mbali na nyumba, yenu yaje mwisho, na king'ora cha kurudi nyuma kibadilishwe kiwe cha mvumo wa "shhh", ambao hausafiri mbali kama pi-pi. Wiki mbili andikeni tarehe, saa, mashine ipi na upepo ulikotoka. Daftari la namna hiyo lina uzito kuliko simu kumi za hasira.

Na mkisikia chuma kikilia kama kinasagwa, watajieni fundi wao: visu vya mashine ya grini, zile nyasi fupi sana zinazozunguka kishimo cha mpira, vimebanwa mno. Huvipima kwa kuingiza kipande cha karatasi na kuvizungusha taratibu kwa mkono. Karatasi ikatike safi, na visu visikwaruzane.