Mshahara umeingia, kadi ya benki iko kwa mama wa mikopo: niliyojifunza nikiwa HR

Jumatatu moja asubuhi, chai haijapoa, simu ikaingia meseji ya watu wa aplikesheni ya mikopo kwamba mfanyakazi wetu fulani ni tapeli, amekula hela za watu, aambiwe alipe kabla ya saa sita mchana la sivyo picha yake inasambazwa. Na picha wameituma kweli, ameshika kitambulisho usawa wa kidevu, imezungushiwa duara jekundu. Mimi sijamdhamini mtu wala sijui kakopa lini, namba yangu wameitoa tu kwenye simu ya yule kijana kwa sababu kanisevu "Dada HR". Kufika saa nne wenzake wa stoo nao washaipata, wengine wanacheka, wengine wamenyamaza kimya kabisa, na hao walionyamaza ndio walionipa wasiwasi.

Nipo kwenye hii kazi mwaka wa kumi na nne sasa, viwandani hapa Dar. Zamani ungeniuliza changamoto ya ofisi ya rasilimali watu ningekwambia utoro, ovataimu, na watu kugombania likizo ya Desemba. Siku hizi kuna mengine, vijana wa elfu mbili wanaoacha kazi kwa voice note ya WhatsApp, barua za maombi mia zimeandikwa kwa maneno yaleyale utadhani walikaa darasa moja, sawa, hayo tunaenda nayo. Ila utoro wenyewe ukiuchimba, mara nyingi ninakutana na deni. Na deni hakuna anayelileta mwenyewe ofisini kwako.

Ngoja niseme nilivyoharibu mimi, maana watu wa fani yangu tunapenda kusimulia tulivyoshinda tu.

Tulikuwa na mtunza stoo, mtu mzima, miaka tisa kazini hana hata onyo la mdomo. Ghafla akaanza kukosekana kila tarehe ishirini na sita au ishirini na saba. Nikampa onyo la kwanza la maandishi, mwezi uliofuata nikampa la pili, kisha akapotea siku sita za kazi mfululizo. Nikafungua Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zile tunazoziita GN 42, kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya maana kumo kwenye makosa yanayoweza kumwondoa mtu, nikajua hapa nimemaliza. Aliporudi nikamkabidhi barua ya wito saa tisa alasiri, kikao cha nidhamu kesho yake saa tatu. Amekuja peke yake, hana mwenzake wala mtu wa chama cha wafanyakazi wa kumsaidia na ni haki yake kuwa naye, na mimi sikumkumbusha. Tukamuuliza sababu, akasema "matatizo ya kifamilia", basi. Dakika ishirini tukawa tumemaliza miaka tisa.

Ndani ya siku zile thelathini zinazoruhusiwa akawa ameshafungua mgogoro CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi. Nikaenda na faili nene, nina rejesta za mahudhurio, nina maonyo yamesainiwa. Msuluhishi hata hakuligusa faili, kaniuliza kwanza barua ya wito alipewa lini na saa ngapi. Kanuni hizohizo nilizozifungua mimi zinasema kwa kawaida muda wa kujiandaa usipungue saa 48, nami nilimpa kumi na nane, nikiwa nimesoma ukurasa ninaoutaka tu. Tukamalizana kwa kumlipa mishahara ya miezi kadhaa na bosi hakuniitikia salamu wiki mbili.

Lakini kilichoniumiza sio hela. Tulipotoka pale kwenye korido nikamwambia kaka, pole. Akanijibu taratibu: "Dada, kadi yangu ya benki iko kwa mama wa mikopo tangu mwezi wa pili, na namba ya siri anayo. Mshahara ukiingia anaanza yeye. Nilikuwa nakwenda kushinda kwake anikatie japo ya nauli na unga." Zile siku sita alikimbilia kwa dada yake Kibaha, watu walikuja kumtolea vyombo nje. Nikamuuliza sasa mbona kwenye kikao hukusema? Akanitazama tu. "Mbele ya supavaiza na wale vijana wangu? Niseme nini?"

Tarehe ishirini na sita. Mshahara ninaoingiza mimi mwenyewe kwenye mfumo, na maonyo nimeandika mimi mwenyewe, sijawahi kuziweka hizo tarehe mbili pamoja.

Tangu hapo sitoi onyo la utoro kabla sijakaa na mtu pembeni, na sio ofisini, kile kiti cha mbele ya meza yangu watu wanakiita kizimba. Tuna mwembe karibu na geti, ndio ofisi yangu ya pili. Sio kwamba namsamehe kila mtu, wapo watoro wa pombe na wapo wa vibarua pembeni, hao utaratibu unafuata na saa zake 48 anapewa zote. Ila nauliza kwanza.

Kingine, akipiga mtu simu "tunataka kuthibitisha huyu anafanya kazi kwenu na mshahara wake unaingia lini", sijibu. Zamani nilikuwa najibu vizuri kabisa, kwa upole, nikidhani namsaidia mfanyakazi! Tangu Mei 2023 sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inafanya kazi, kwa hiyo anayetaka uthibitisho alete maombi ya maandishi na ridhaa ya mhusika.

Halafu kuna hili la hesabu, na hapa nawaomba wenzangu mlifanye siku ya kusaini mkataba, msisubiri. Kijana katoka chuo anaambiwa laki nane, anashangilia, anapanga chumba cha mtu wa mshahara wa laki nane. Mkalishe mwandikie kwenye karatasi: NSSF asilimia 10 elfu themanini, bodi ya mikopo, kama alisoma kwa mkopo wake, asilimia 15 laki na ishirini, kodi ya mapato kwenye laki saba na ishirini iliyobaki baada ya NSSF ni elfu sitini. Anaondoka na laki tano na arobaini. Nimewahi kuona mtu anaitazama hiyo karatasi kama nimemwibia, lakini bora anune siku ya kwanza kuliko akakutane nayo kwenye salari slipu akiwa ameshakopa kwa kutegemea laki nane.

Bosi alikuwa mgumu, "sisi sio ustawi wa jamii". Nikampelekea alicholipa CMA, na gharama ya kumfundisha mtunza stoo mpya, na mzigo uliopotea miezi miwili ile mgeni akijifunza. Akakubali tuwe na advansi ya dharura, inakatwa kidogokidogo kwa miezi mitatu, maana ukiikata yote mwezi ujao umemrudisha kwa mama wa mikopo na miguu yake. Haijamaliza tatizo, wapo waliochukua advansi na kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, wakaongeza.

Yule kijana wa meseji nilimkuta kazima simu, kajificha nyuma ya mapaleti. Tukaenda mwembeni, akaandika madeni yake nyuma ya karatasi ya kutolea mzigo, aplikesheni saba, na yote yalianzia elfu sitini ya kumpeleka mtoto hospitali, akawa anakopa huku analipa kule. Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni 69 zisizo na leseni Novemba 2024, tukaipitia naye moja moja na kalamu, nne zimo. Zile tatu zilizobaki tumezilipa kwa advansi, zile nne akaenda kuripoti polisi na meseji zake zote.

Amebadilisha namba. Juzi kanionyesha alivyonisevu kwenye laini mpya, kaweka jina langu tu.