Usafi ndio ulioua samaki wangu

Bwawa la nyuma ya nyumba nililichimba mwenyewe, nikalitandika turubai, nikatia pampu ndogo na chujio la sponji. Lilipofikisha miezi mitano, kuta zilikuwa zimeota utelezi wa kahawia na sponji imejaa tope. Jumamosi moja nikatoa maji yote, nikasugua kuta kwa brashi, nikaosha sponji kwa maji ya bomba mpaka ikatakata, nikajaza upya. Siku ya pili samaki walisusa chakula. Siku ya tatu walikuwa wamebana mapezi, matamvua mekundu kama yaliyoungua. Kufikia siku ya tano nilikuwa nimefukia kumi na wawili. Bado inaniuma.

Ule utelezi nilioudhani uchafu ndio uliokuwa ukiwalinda. Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, nyingi kupitia matamvua, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Kwenye kuta na ndani ya sponji huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia na mimea huila. Klorini hutiwa kwenye maji ya bomba ili kuua vijidudu, na haibagui. Bwawa jipya huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kukuza bakteria wa kutosha, kwa hiyo anza na samaki wachache sana.

Siku hizi kila wiki napunguza maji kidogo tu, sehemu moja kati ya kumi, mbili zikizidi. Sponji naikamua ndani ya ndoo yenye maji ya bwawa lenyewe. Inatoka bado na rangi ya chai, na hivyo ndivyo ninavyoitaka. Maji ya bomba nayaacha kwenye pipa lililo wazi siku moja au mbili klorini iondoke. Uliza kwanza wanaosambaza maji yako kama wanatumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, maana hiyo haiondoki kwa kuachwa wazi. Itakubidi utie dawa ya kuiondoa.

Chakula wape kile watakachomaliza ndani ya dakika tano, kinachobaki kitoe. Watoto wakija kutazama samaki watatamani kuwalisha, na hapo ndipo wengi tunapozidisha bila kujua.

Halafu amka mapema. Mimea na mwani hutoa oksijeni mchana kwenye mwanga, lakini usiku nayo huivuta, kwa hiyo oksijeni hupungua kabisa kabla jua halijachomoza, hasa wakati wa joto. Ukikuta samaki wamejipanga juu wanatwetatweta, midomo ikigusa hewa, usiwape chakula. Rusha maji kwa pampu yaanguke kutoka juu, au chota kwa ndoo umimine kwa kishindo, mpaka washuke. Pampu yangu haizimwi usiku.

Maji yakiwa ya kijani, tumbukiza mkono mpaka kiwiko. Kiganja kikipotea machoni mapema, mwani umezidi: punguza chakula, na uache mimea inayoelea ifunike karibu nusu ya bwawa.

Ndege wanaokula samaki niliwazuia kwa wavu. Kwa ajili ya watoto wadogo nimeweka uzio na mlango wenye komeo juu, mahali wasipofikia, kwa sababu hata maji ya magotini yanaweza kumzamisha mtoto.