Siri zako za talaka hazivujii mahakamani

Nilijua mambo yangu yameshafika mtaani siku ile kwenye kikoba, mama mmoja aliponiuliza mbele ya wenzake: "Hivi yale maharage yalikuwa yameshaiva?" Wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Sufuria la maharage alilonirushia baba watoto lilikuwa limetajwa mahali pamoja tu, aya ya saba ya madai yangu ya talaka. Hata mama yangu kule Tukuyu sikuwa nimemwambia.

Kwanza nilimshuku karani wa mahakama. Nilimkosea mtu wa watu. Nilipokaa nikaifuata ile karatasi ilikopita, nikakumbuka steshenari moja hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nilikaa kwenye kibenchi, nasoma kwa sauti kutoka kwenye daftari la mwanangu, kijana anachapa. Nyuma yangu kuna foleni: mwanafunzi na cheti chake, mzee anataka kopi ya kitambulisho, na wanawake wawili niliodhani hawanisikilizi. Nikalipa, nikabeba karatasi zangu, faili nikaliacha kwenye kompyuta ya watu.

Kwa hiyo dada yangu, au kaka, maana wanaume nao wanaaibishwa: ukiona unaelekea huko, linda njia kabla hujalinda mahakama. Madai yako yaandike nyumbani, kwenye simu yako. Ukienda kuyaprinti, nenda asubuhi kabla foleni haijajaa, simama hapo hapo, hakikisha faili limefutwa mbele ya macho yako. Kama huna hela ya wakili, watafute wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kwao utasema mambo yako mlango ukiwa umefungwa.

Halafu punguza maneno. Mimi niliandika kila kitu kwa hasira: shule ya watoto, darasa, namba ya akaunti, hadi jina la daktari. Kifungu cha 106 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataka maelezo ya ndoa yenyewe, majina, umri na jinsia ya watoto, mambo yanayoonyesha kwamba ndoa imevunjika, na unachoomba. Shule hakikuitaja. Namba ya akaunti nayo hakuna aliyeniomba wakati ule. Ushahidi una siku yake, na siku hiyo unapeleka kurasa zinazohusika, sio miamala ya mwaka mzima inayoonyesha umemtumia nani elfu kumi. Ila usifiche mali. Kuficha mali ni jambo jingine kabisa, na hakimu akilibaini, utaeleza kwa shida.

Baraza la usuluhishi hulikwepi kirahisi. Kwa kawaida sheria inataka mpite huko kwanza, na ni baraza la kata anayoishi mume, au la jumuiya yenu ya dini kama wote wawili ni wa jumuiya hiyo. Mjumbe mmoja wa baraza letu alikuwa mteja wangu wa mchele! Hapo nilijifunza kujibu nilichoulizwa, basi. Nikiulizwa kama nimepigwa, nasema nimepigwa, lini, na fomu ya polisi hii hapa. Ya chumbani sikuyagusa. Wanachotakiwa kukupa mkishindwa kupatana ni hati ya kupeleka mahakamani, na hati hiyo haiongezeki uzito kwa sababu umelia sana.

Simu ndiyo iliyonitoa jasho. Laini yangu, ambayo wateja wote wa Mbarali wananilipia humo, kumbe ilisajiliwa kwa alama za vidole za mume wangu. Enzi hizo tulikuwa tunapendana, yeye alikwenda mjini, akaisajili. Kisheria laini ni yake: akiamua kuirenew, yaani achukue laini mpya yenye namba ile ile, ujumbe wangu na pesa yangu vinamfuata yeye. Piga *106# uone ni namba zipi ziko kwenye kitambulisho chako. Ya kwako ukiikosa, tafuta mpya kabla hujafungua shauri, uwahamishie wateja taratibu. Angalia pia kwenye WhatsApp vifaa vilivyounganishwa. Mimi nilikuta tableti ya mtoto, na tableti hiyo ilikuwa inalala kwa baba yake.

Mdogo wangu alinishauri nami nifungue simu ya mume nikatoe picha za meseji zake. Nilitamani, sitadanganya. Lakini kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na sikutaka kutoka kwenye shauri moja niingie jingine nikiwa mshtakiwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui: mkifika Mahakama Kuu kwa rufaa, hukumu zake huwekwa kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu ambayo yeyote anaweza kuifungua, na majina yenu mara nyingi yako juu kabisa. Mapema mwambie wakili aombe watoto watajwe kwa herufi za mwanzo tu. Taarifa za watoto na miamala ya fedha zimo kwenye kundi la taarifa nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mtu akizitumia vibaya kuna Tume ya kupeleka malalamiko.

Mimi sikulalamika popote. Nilirudi steshenari kwa miguu, baridi ya Julai ile, mikono ndani ya kitenge. Kijana hakubisha. Akafungua folda, jina lake "TALAKA", akatafuta langu, akalifuta. Chini yake niliona mengine manne, kila moja na jina la mwanamke, mawili nawafahamu. Nikamwambia afute na hayo. Akanitazama kwa mshangao: "Mama, hao hawajaja kuomba."