Maswali ya Wasomaji: Vipele Baada ya Kunyoa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi ya ulinzi hapa Mbeya, na kanuni za kazini zinatutaka tufike tukiwa tumenyoa ndevu. Hunyoa kila alfajiri kwa wembe na maji ya bombani kabla ya kuwahi daladala. Tangu baridi ya Juni ianze, kidevu na shingo vimejaa vipele vinavyowasha, vingine vina usaha, na vikipona huacha madoa meusi. Nimebadilisha aina ya wembe mara tatu na kila siku ninapaka spiriti, lakini hali inazidi kuwa mbaya. Wenzangu wanasema nina damu chafu. Nifanye nini?
Msomaji, Uyole

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Kwanza tuliondoe hilo neno la damu chafu, kwa kuwa limewafanya wengi wanywe dawa ambazo hawakuzihitaji. Tatizo lako linatokana na unywele wenyewe. Ndevu zetu wengi huota zikiwa zimejisokota, na wembe unapozikata karibu mno na ngozi huziachia ncha kali. Unywele unapoanza kuota tena hujipinda na kuichoma ngozi pembeni ya kitundu chake, au, iwapo uliivuta ngozi wakati wa kunyoa, ncha huzama na kuchimba humo humo ndani bila kutokeza nje. Mwili huupokea unywele huo kama unavyoupokea mwiba, na hapo ndipo uvimbe na muwasho huanza. Kitazame kipele kimoja kwenye kioo penye mwanga mzuri: mara nyingi utauona unywele umelala chini ya ngozi kama uzi mweusi uliopindwa.

Maana yake ni kwamba kadiri kidevu kinavyotoka laini, ndivyo vipele vinavyoongezeka. Wembe wenye makali mawili au matatu huzidisha madhara, kwani la kwanza huuvuta unywele na linalofuata huukata chini ya usawa wa ngozi.

Dawa kubwa ni kupumzisha ngozi kwa wiki tatu hadi nne, ili nywele zilizonasa zirefuke na kujichomoa zenyewe. Ninafahamu kwamba mwajiri anaweza kukataa. Nenda kituo cha afya ukaombe barua ya kumweleza, kwa sababu haya ni maradhi ya ngozi wala si uvivu wa kunyoa. Baada ya hapo tumia mashine, na uache ndevu zenye urefu wa milimita moja hivi. Kwa mtu anayetazama kutoka hatua chache, utaonekana nadhifu kabisa.

Ukilazimika kutumia wembe, usinyoe kwa maji baridi ya Uyole. Chemsha maji, loweka taulo, lifunike kidevuni kwa dakika tano ili ndevu zilainike, kisha paka povu la kutosha. Nyoa kwa kufuata upande zinakolala ndevu, usiivute ngozi, usikandamize, wala usirudie mahali pale pale. Ukimaliza, weka kitambaa chenye maji baridi kwa dakika chache, halafu losheni isiyo na manukato.

Spiriti iache leo, na ndimu pia, kwa kuwa hukausha na kuunguza ngozi ambayo upepo na baridi vimekwisha kuikausha. Ninakusihi pia usinunue krimu za kuchanganya zinazouzwa sokoni, kwani baadhi huwa na steroidi kali zinazoifanya ngozi ya uso kuwa nyembamba. Usitumbue vipele kwa sindano. Usaha ukienea, au vipele vikigeuka vinundu vigumu vinavyokua, mwone daktari mapema, maana makovu ya namna hiyo ni magumu kuyaondoa.

SWALI: Nikinyoa kwapa, ngozi huwaka moto nikipaka manukato. Je, nitumie wembe wa dada yangu ulio mzuri zaidi?
Msomaji, Njombe

JIBU: Hapana, dada. Wembe haugawanwi hata baina ya ndugu, kwa sababu damu kidogo isiyoonekana yaweza kubeba virusi vya homa ya ini ya aina B au vya UKIMWI. Nyoa jioni baada ya kuoga maji ya moto, na manukato uyapake kesho yake, ngozi ikiwa imekwisha kutulia.