Kabla hujasema "hii ndiyo Vietnam"

Mara ya kwanza nilipotazama Mùi đu đủ xanh, yaani "Harufu ya Papai Bichi", filamu ya Trần Anh Hùng ya 1993, kuna tukio nililirudia mara kadhaa. Mùi, binti mdogo mtumishi wa ndani, anapasua papai bichi na kugusa mbegu zake nyeupe kwa kidole. Nimekulia nyumba yenye mpapai uani. Utomvu ule naujua mpaka unavyowasha mkononi. Kesho yake nikawa nawaambia watu kwamba nimeiona Saigon ya 1951.

Kumbe Saigon ile ilijengwa studio, Ufaransa. Niliumia, nikaacha kuisifu. Hilo nalo lilikuwa kosa. Filamu hiyohiyo ndiyo Vietnam iliyoipeleka Oscar, ikateuliwa. Kisha Trần akaenda kupiga filamu nyingine, Xích lô, kwenye mitaa yenyewe ya Jiji la Ho Chi Minh, jina la sasa la Saigon. Mwaka 1995 tamasha la filamu la Venice likampa Simba wa Dhahabu, tuzo yake kuu, Vietnam ikaipiga marufuku filamu hiyo. Kwa hiyo usihukumu filamu kwa mahali kamera iliposimama. Trần aliondoka Vietnam akiwa mtoto. Nyumba anayotumikia Mùi ni kumbukumbu ya Trần, na kumbukumbu ina haki ya kung'aa.

Nakushauri umtazame mtumishi. Mùi anamenya, anasugua sakafu, ananyamaza. Akiwa msichana mkubwa ndiyo kwanza anazidi kunyamaza. Kazi yake inapendeza macho, uchovu wake hatuuoni. Hapo ndipo ninapobishana na filamu hii hadi leo, ingawa naipenda.

Ukimaliza, tafuta Bao giờ cho đến tháng Mười, filamu ya Đặng Nhật Minh ya 1984. Ina uzuri wake, tena mwingi. Lakini Duyên, mhusika wake mkuu, amefiwa na mume vitani na anamficha baba mkwe aliye mgonjwa habari hiyo. Anamwomba mwalimu wa kijiji aandike barua kana kwamba mumewe yu hai. Watu wanaanza kunong'ona. Halafu anapanda jukwaani katika chèo, mchezo wa nyimbo wa vijijini kaskazini, kuigiza mke anayeagana na mume aendaye vitani, na machozi yanamshinda.

Hakuna anayekufafanulia wimbo ule. Usikimbilie kutafuta maana yake. Mtazame usoni kwanza, urudie tukio lote, ndipo urudi kwa Mùi na papai lake.