Wasomaji Wanauliza: Mtu Mmoja na Jiwe Lake

SWALI: Assalaam alaykum. Tumeitazama 127 Hours, ile filamu ya Mmarekani aliyebanwa mkono na jiwe korongoni mpaka akajikata mkono huo. Nasi tunataka kutengeneza filamu ya dakika 15 ya mvuvi aliyenasa peke yake katika pango la pwani. Hana wa kusema naye. Mtazamaji tutamshikaje? (Vijana wanne, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam. Kinachoharibu filamu nyingi za namna hii ni mhusika kujisemea ovyo: "Ah, nina kiu, nitakufa." Aliye peke yake hasemi hivyo. Aron Ralston, mwenye mkasa wenyewe wa Aprili 2003, alikuwa na kamera ya video mle korongoni na kweli alijirekodi akiwaaga jamaa zake. Mkurugenzi Danny Boyle akaitumia kamera hiyo, kwa hivyo maneno ya James Franco, anayemwigiza Ralston, yana anayeambiwa. Mvuvi wenu mpeni simu isiyoshika mtandao, arekodi ujumbe usiokwenda popote. Kila chaji ikishuka, mtazamaji atahesabu pamoja naye.

Kisha vitu. Baada ya kunaswa, mhusika wa 127 Hours anapanga juu ya jiwe kila alichonacho, na tangu hapo kila kitu kina kazi. Tazameni kisu: anachongea jiwe, kinakuwa butu, na baadaye kisu hicho hicho kinashindwa kupasua ngozi. Hiyo ndiyo hadithi nzima, wala haikuhitaji mtu wa pili. Mvuvi wenu awe na vitu visivyozidi sita: mshipi wa kuvulia, chupa ya maji, kisu, shuka, simu, kipande cha muhogo. Andikeni kila kimoja kinatumika wapi. Kisichotumika mara mbili, kitoeni.

Msipige filamu yote pangoni. Boyle alipiga sehemu Bluejohn Canyon kwenyewe, Utah, lakini pia alijengewa korongo la bandia Salt Lake City, maana mwanya wa kweli haumpishi mpiga picha. Nanyi pangoni pigeni picha za mbali na za kuingia tu. Za karibu zipigeni uani: fremu ya mbao, waya wa kuku, magunia yaliyochovywa kwenye uji wa saruji, rangi ya jiwe. Upande mmoja uwe wa kutolewa ili kamera iingie. Saruji ikiwa nzito magunia yatapasuka yakikauka, na nyufa zitaonekana. Sauti ya pango rekodini mbali, dakika 2 bila ya mtu kusema, muitandaze chini ya picha za uani. Bila ya hiyo, kila mtu atajua mko uani. Pigeni kwa mfuatano wa hadithi, na kila mkimaliza onyesho mpigeni mchezaji picha ya uso na mikono, la sivyo midomo iliyokauka leo itakuwa laini kesho.

La hatari ni maji. Nendeni wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, si bamvua, yanapopanda sana. Maji yakianza kujaa hayapandi sawasawa: gawa kimo chote cha maji kupanda mafungu 12; saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, kisha 2, kisha 1. Bamvua la mita 4 hupanda mita nzima katika saa ya tatu pekee. Mmoja wenu abaki nje na saa, asishike kamera. Na kibali cha BASSFU, baraza la sanaa, filamu na utamaduni la Zanzibar, mkitafute kabla, si baada.

SWALI: Je, mtu anaweza kweli kujikata mkono kwa kisu kidogo? Na ilikuwa sawa? (Msomaji, Kiembesamaki)

JIBU: Kisu kidogo hakikati mfupa. Ralston aliivunja kwanza mifupa miwili ya mkono kwa kujipinda dhidi ya jiwe la takriban kilo 360, ndipo akakata nyama, akiwa amejifunga juu ya jeraha ili kuzuia damu. Alifika huko baada ya siku tano, mkono umeshakufa, na hakuna aliyejua alikokwenda. Hili la mwisho ndilo zito. Ukiwa umeaga nyumbani, kazi yako ni kungoja na kupiga kelele, si kukata.

Kwa aliyebanwa na kifusi cha nyumba ya mawe kwa saa kadhaa, msikimbilie kuinua kabla ya kumpata daktari. Msuli uliopondeka humwaga potasiamu kwenye damu mara tu uzito unapoondoka, na moyo unaweza kusimama. Kama damu inaruka, fungeni kitambaa cha upana wa sentimita 4 au 5 kati ya jeraha na moyo, si juu ya jeraha lenyewe, pasiwe penye kiungo. Kazeni kwa kijiti mpaka damu ikome, na muandike saa. Kamba nyembamba au mshipi wa kuvulia huchana nyama, wala haufungi mishipa ya ndani.

SWALI: Katika filamu hiyo anakunywa mkojo. Unasaidia? (Msomaji, Makunduchi)

JIBU: Hausaidii. Una chumvi ambazo figo zimeshazitoa, na kadiri mwili unavyokauka ndivyo unavyozidi kuwa mkali. Maji ya bahari ni mabaya zaidi. Tafuta kivuli, punguza kusema, maji uliyonayo unywe ukihisi kiu.