Spika za inchi 15 zinavuma: usimimine saruji

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimeunda spika mbili za sebuleni, kila boksi lina wufa (spika ya besi) moja ya inchi 15. Ni plaiwudi ya mm 18, vipimo vya ndani sm 95 kwa 45 kwa 39, bila mbao za kushikiza. Mbele nimeweka vipande viwili vya bomba la PVC la inchi 4, kila kimoja urefu wa sm 10. Besi inavuma noti ileile kila wimbo, na sauti za waimbaji zinatoka kama wako ndani ya pipa. Sebule ni mita 4 kwa 5. Spika zimeegemea ukuta mmoja, kochi limeegemea ukuta unaotazamana nao, mita 4 mbele. Nikipaka saruji ya sm 3 ndani ili boksi liwe zito, litatulia? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Saruji iache. Ukiipaka kuta tano, ukabakisha ya mbele, kila boksi litaongezeka zaidi ya kilo 80 na kupoteza lita 40 hivi za hewa. Hewa ikipungua huku mabomba ni yaleyale, mlio wa mabomba unapanda kutoka 43 Hz (mitetemo 43 kwa sekunde) hadi karibu 50. Utakuwa umebeba mzigo na mvumo umehamia noti nyingine.

Hiyo 43 Hz ndiyo kiini cha kesi yako. Boksi lako, ukitoa nafasi ya wufa na mabomba, lina lita 158 hivi, na mabomba mawili ya sm 10 yanalifanya livume hapo. Kwa bahati mbaya, chumba cha mita 4 nacho huvuma palepale, maana wimbi la 43 Hz lina urefu wa mita 8, na nusu yake inaenea kamili baina ya kuta zako mbili. Mvumo huo ni mkali zaidi kwenye kuta zenyewe, na wewe umeweka spika ukuta huu na kochi ukuta ule.

Hakikisha kabla ya kukata chochote. Weka kwenye simu programu ya kutoa mlio wa Hz unayotaka, punguza sauti ya amplifaya, kisha panda taratibu kutoka 25 hadi 70. Mahali ambapo koni (uso wa wufa unaocheza) inakaribia kusimama huku hewa ikitoka kwa nguvu bombani, hapo ndipo mabomba yamelenga. Kisha ziba mabomba kwa taulo na upige muziki ule ule. Mvumo ukipungua sana, mabomba yana hatia kubwa. Ukibaki vilevile, chumba ndicho chenye hatia kubwa.

Dawa ya mabomba ni kurefusha. Kwa lita 150 zitakazobaki baada ya mabomba marefu na mbao za kushikiza, mabomba mawili yenye upana wa ndani wa sm 10.4 yanahitaji sm 30 kila moja ili yalenge 30 Hz. Unga kipande kwa soketi ya PVC, ila anza na sm 32 halafu upunguze ukisikiliza. Kukata ni rahisi kuliko kuongeza. Pima kuanzia uso wa nje wa ubao wa mbele. Ukifikia sm 30, ndani patabaki karibu sm 11 hadi ukuta wa nyuma, na isiwe chini ya sm 10, la sivyo hewa inabanwa na bomba linapiga mluzi.

Sauti za waimbaji ni kesi nyingine: kuta za boksi zenyewe zinaimba. Hapa wengi hukimbilia kuongeza unene, lakini ubao wa nyuma ukiuongeza maradufu, noti ya mtetemo wake inapanda mara mbili tu. Gundisha ubavu (kipande cha ubao wa kushikiza) mmoja wa mm 18 kwa sm 7, umesimama kwa ukingo, kutoka juu hadi chini, na ubavu wenyewe ukishikizwa usipinde, noti hiyo inapanda karibu mara tatu. Ubavu wa kulala, yaani wa kutoka kushoto kwenda kulia, ambao mafundi wengi ndio wanaoupenda, unatoa mara moja na nusu tu. Huo wa kusimama, kwenye ubao wa nyuma, uweke sm 20 kutoka upande mmoja na sm 25 kutoka mwingine, ili nusu mbili zisitetemeke sawa. Fanya hivyo nyuma na pande zote mbili, kisha vuka kwa vipande viwili kutoka ubavu hadi ubavu. Gundi nyeupe ya mbao, skrubu kila sm 15. Bandika sponji au pamba ya sm 5 nyuma ya wufa, usifunike midomo ya mabomba.

Ukiziba nyufa kwa silikoni inayonuka siki, acha tundu la wufa wazi mpaka harufu iishe kabisa.

Kochi lisogeze mbele mita 1.3 hivi kutoka ukutani. Katikati kabisa ya chumba usikae. Hapo 43 Hz inapotea na utalalamika besi imekimbia.

Haya yote yanadhani wufa yako inafaa boksi la mabomba. Tazama Qts (namba ya jinsi wufa inavyojizuia isitikisike ovyo) kwenye karatasi yake: chini ya 0.4, endelea. Ikiwa juu ya 0.5, ziba mabomba kwa ubao na gundi, ulitumie boksi likiwa limefungwa.